Makofi Yamechuja, Mwalimu

Mwamgongo, Jumapili

Mwalimu Mwamvita,

Shikamoo. Nakuamkia kwa mazoea tu, maana nimekuamkia kila asubuhi kwa miaka sita na mdomo umeshazoea. Kama huko uliko hakuna shikamoo, nisamehe, mimi nimelelewa hivyo.

Sijawahi kumwandikia mtu aliyekufa. Mchungaji wetu angesema ni upuuzi, na shehe wenu labda angesema zaidi ya hapo, kwa hiyo barua hii sitamwonyesha yeyote kati yao. Ninayo taarifa ya darasa. Ulikuwa unapenda taarifa ziwe fupi, zisiwe na maneno ya kujipamba. Nitajitahidi, ingawa kuna mahali najua nitashindwa.

Darasa lako la Pili sasa ni la Tatu, na nimepanda nalo. Wako tisini na wanne. Watatu wamehama, akiwemo Baraka, ambaye mama yake amekwenda kuuza dagaa Kibirizi. Dirisha la upande wa ziwa limewekwa mbao mpya. Meza yako nimeisogeza kona ya nyuma, kwa sababu kila nilipoweka vitu vyangu juu yake watoto walikuwa wakinitazama kana kwamba nimevaa nguo za mtu. Mwalimu Mkuu ni yule yule, na bado anakohoa kabla ya kusema jambo lisilopendeza.

Kwenye mazishi yako Ujiji nilisimama nyuma, na sikulia. Ndugu zako walinipa chakula, wakanishukuru kwa kuvuka ziwa, nami nikawaambia kwamba boti ilikuwa nzuri. Ndivyo nilivyosema, boti ilikuwa nzuri. Jumatatu yake niliingia darasani kwako kwa mara ya kwanza kama mwenye darasa, nikaita “Ziwa!” kama ulivyokuwa ukiita wewe, nao wakajibu “Shwari!” kwa sauti moja na kufumba midomo, kama walivyokuwa wakikujibu wewe. Nikawaambia naenda kutafuta chaki. Chaki ilikuwa mfukoni. Nilisimama nyuma ya choo cha walimu mpaka nikaweza kurudi.

Unakumbuka daftari langu la kaunta, lile lenye jalada jekundu? Kila ulipofanya jambo darasani, mimi nilikuwa benchi la nyuma naandika. Makofi ya mvua: kidole kimoja juu ya kiganja, halafu viwili, halafu vitatu, mpaka darasa zima linanyesha, kisha unawarudisha kidogo kidogo mpaka kimya. Vidole vitano vilivyoinuliwa juu ya kichwa na kukunjwa kimoja kimoja bila neno. Kikundi kinachomaliza kwanza kinachagua wimbo wa kufungia kipindi. Nilifikisha mbinu arobaini na moja. Ukaniuliza, “Zote hizo za nini, Mwalimu Yoeli, unafungua duka?”

Siku ile tulipokuwa tunarudi kutoka Kibirizi na maboksi ya chaki, upepo ukatukuta katikati na boti ikaanza kuruka, yule mama aliyekuwa na kuku akaanza kupiga mayowe. Wewe ulianza kugonga kiganja kwa kidole kimoja. Hukumwambia mtu kitu. Baada ya muda abiria wote tulikuwa tunanyesha, mpaka fundi wa injini. Mimi niliyekuwa nimeshikilia ukingo kwa mikono miwili niliuachia mmoja ili nipige kwenye goti. Tulipofika niliiandika: mbinu ya kumi na tisa, inafaa pia kwa watu wazima.

Ulipofariki nilizitumia mbinu hizo kama nilivyoziandika, kwa mpangilio wa daftari. Nikifika ya arobaini na moja narudi ya kwanza. Nilidhani nakuenzi.

Kwa miezi miwili zilikubali. Baadaye zikaanza kuchuja. Nikiita “Ziwa!” wananijibu “Shwari!” vizuri kabisa, halafu wanaendelea na mazungumzo palepale walipoishia. Kuna kipindi kimoja cha Hisabati niliita mara saba. Mara ya saba kijana mmoja wa nyuma aliitikia kwa sauti kubwa kuliko wote huku amenipa mgongo, anasimulia mpira. Makofi ya mvua nayo yakawa hayaeleweki. Wiki nyingine wananyesha mpaka mafuriko, hawakubali kurudi nyuma, wengine wamepanda juu ya madawati. Wiki nyingine wanagonga kidole mara mbili na vichwa vinashuka. Nilibadilisha mpangilio, nikaanzia mwisho kurudi mwanzo. Haikusaidia.

Nilipelekwa semina mjini, siku mbili, ya mbinu shirikishi za kusimamia darasa. Tukapewa mabango kitita na kalamu za rangi, tukaandika yale yale uliyokuwa ukiyafanya bila kalamu. Mwezeshaji akatuambia mbinu zibadilishwe mara kwa mara ili zisiwachoshe watoto. Nikanyoosha mkono nikauliza zibadilishwe lini, na mwalimu ajue kwa kipimo gani. Akasema hilo ni swali zuri sana, tukaenda kunywa chai.

Niliporudi Mwalimu Mkuu aliniita, akakohoa, akaniambia kelele za darasa langu zinafika ofisini kwake. Akanipa mpaka mwisho wa muhula. Nikishindwa, darasa linakwenda kwa Mwalimu Hezroni, na wewe unajua Hezroni haingii darasani mikono mitupu. Kisha akaongeza, “Mbinu za marehemu zimeondoka na marehemu, Mwalimu. Tafuta zako.” Sidhani kama alitaka kuniumiza. Ndivyo anavyoongea.

Nilipofika hapa kutoka chuoni na mimi nilikuwa na fimbo, ya mkaratusi, nimeisugua mpaka inang'aa. Siku ya tatu ulikuja ukaiomba. “Hii nipe mimi nikaegemezee nyanya.” Nilidhani unatania, kumbe ulikwenda nayo kweli, na zile nyanya tulizila kwenye kachumbari. Jioni hiyo ulitaka nikuahidi kwamba sitampiga mtoto, nami nikaahidi, zaidi kwa sababu ulikuwa umenizidi umri kuliko kwa sababu nilikuelewa. Ukasema, “Ukiishiwa, niite, nipo darasa la pili tu hapo.” Nilikuita mara nyingi. Ulikuwa unakuja na chaki yako mkononi, unasimama mlangoni, na mara nyingi ulikuwa husemi kitu, unawatazama tu watoto, halafu unaninong'oneza nijaribu hiki au kile.

Muhula huu niliishiwa, na hukuwepo wa kuitwa.

Hapa ndipo taarifa inapokuwa ngumu. Ilikuwa Jumatano, kipindi cha pili, Kiswahili. Nilipiga makofi ya mvua, wakajibu kivivu. Nikaita “Ziwa!”, wakajibu nusu yao. Esta, yule mtoto uliyempa kazi ya kufuta ubao, hakupiga wala hakuitikia. Alikuwa ameegemea ukuta, macho yamefumba nusu. Nikamwita jina mara mbili, kimya. Nikaona ananidharau, tena mbele ya wenzake. Nikatoka, nikaenda darasa la Hezroni, nikaazima fimbo yake. Sitakuambia nilipandwa na hasira. Hasira haitembei hatua thelathini, ikabisha hodi na kusema asante.

Nilimpiga Esta kwenye viganja, mara mbili.

Hakulia. Alirudi mahali pake akaiweka mikono katikati ya magoti. Na darasa likanyamaza, Mwalimu. Tisini na wanne, kimya, nikasikia injini ya boti huko ziwani. Na ukimya ule niliupenda. Hilo ndilo nililokuwa nazunguka nalo tangu mwanzo wa barua hii. Nilifundisha kipindi kizuri kuliko vyote vya muhula. Mwandiko wangu ubaoni ulikuwa mzuri. Mwalimu Mkuu alipita dirishani akaitikia kwa kichwa. Fimbo nilikaa nayo siku nne za kazi na sikumpiga mtoto mwingine, kwa sababu haikuhitajika. Ilitosha kuilaza mezani.

Naona aibu kuandika hivi, lakini nikiacha kuandika, taarifa itakuwa ya uongo.

Jumanne iliyofuata mama mwenye nyumba wangu aliniomba nimchukulie dagaa ufukweni kabla ya shule, mguu ulikuwa unamuuma. Mimi mtu wa Kasulu, nimekulia kwenye migomba na maharage. Miaka yote hii nimekaa kando ya ziwa na dagaa nawajua wakiwa kwenye sahani. Nilifika jua likiwa halijavuka milima, nikakuta nusu ya darasa langu liko mchangani. Wanapokea ndoo kutoka kwenye mitumbwi, wanamwaga, wanatandaza, wanafukuza bata. Esta alikuwa ameinama anatandaza dagaa kwa viganja vyake. Aliponiona alisimama wima, akasema, “Shikamoo, mwalimu,” na mikono akaificha nyuma.

Mama yake ndiye aliyenisemesha. Akaniambia wako hapo tangu saa kumi alfajiri. “Si giza hili, mwalimu, mwezi haupo, dagaa wanafuata taa. Giza likishika hatulali, mitumbwi inarudi imejaa. Subiri mbalamwezi, wavuvi wakipumzika, hawa nao watalala, halafu watakusumbua mpaka uchoke.” Alisema kama mtu anayemweleza mgeni njia ya kwenda sokoni. Kisha akaniambia kwamba Mwalimu Mwamvita alikuwa anapita hapo kila siku ya shule. Anawaamkia kwa Kiha, “Mwakeye”, anawatazama watoto, anakwenda zake. “Hata dagaa hanunui,” akasema.

Kila asubuhi ulikuwa unakung'uta mchanga kwenye viatu mlangoni pa ofisi, nami nilikuwa nakutania kwamba mtu wa Ujiji haamki vizuri mpaka anuse dagaa. Ulikuwa unacheka. Siku moja ulisema, “Na wewe uje.” Nikasema nitakuja. Mwalimu, laiti ningekuja hata siku moja tu.

Jioni nilifungua daftari. Mbinu arobaini na moja na hakuna hata moja niliyoiandikia siku. Nikaanza kukumbuka, taratibu, ipi uliifanya lini. Vidole vya kimya, hadithi za sauti ya chini, zile dakika tano za kufumba macho huku unawasomea, hizo ulikuwa unazitoa wakati wa giza, watoto wametoka mchangani na usingizi wao. Makofi, kuruka, vikundi kuitana kwa zamu, hizo zilikuwa za mbalamwezi. Mimi nilikuwa nawapigisha makofi watoto waliokesha, na kuwakunjia vidole kimya wale waliolala wakashiba usingizi. Na kila mbalamwezi ilipoingia ulikuwa unamwita mtoto mmoja mbele atunge ishara mpya, na ya zamani inastaafu kwa kupigiwa makofi. Hilo nililiona kwa macho yangu mara nyingi. Sikuliandika. Nilifikiri unawaburudisha.

Nikawauliza watoto. Wakaniambia, kwa mshangao kwamba sikujua, kuwa “Ziwa! Shwari!” haikuwa yako hata kidogo. Ilitungwa na Baraka, na ilikuwa imebakiza wiki moja istaafu ulipougua. Nimelinda kwa miezi kumi kitu ambacho wewe ungekiacha wiki inayofuata. Nilicheka peke yangu njiani mpaka mtu akaniuliza kama ni mzima.

Fimbo niliirudisha kwa Hezroni. Darasani nilisema kwamba nilikosea kumpiga Esta na kwamba sikuwa na haki. Hawakujua wayafanye nini maneno hayo. Mmoja alipiga makofi, wenzake wakamkanyaga mguu.

Siku hizi napita ufukweni kila asubuhi. Viatu vyangu unaweza kuvifikiria. Nimejua kumtambua aliyeanza kazi saa kumi na aliyekuja tu kuchungulia, na nikifika darasani ninajua nianze na nini. Upande wa kelele taarifa ni nzuri, hata wa Darasa la Nne wameacha kulalamika. Mwalimu Mkuu alikohoa, akasema darasa nimeachiwa, na kwamba anaona ile fimbo ilisaidia. Nikamwambia si fimbo, ni dagaa. Alinitazama kama anayemtazama mtu mwenye homa, akaniambia nikapumzike.

Lakini kuna Esta. Nikinyanyua mkono kuandika sehemu ya juu ya ubao, mabega yake yanapanda. Nikifukuza nzi, yanapanda. Nikikunja vidole juu ya kichwa kama ulivyonifundisha, tisini na watatu wananyamaza na mmoja anajikinga. Nilivishusha vidole mpaka kifuani, bado. Nilimwomba radhi tena tukiwa wawili, pamoja na mama yake, akasema “Haya, mwalimu,” kwa adabu zote, na kesho yake mabega yakapanda vilevile. Wewe hukuwahi kuniambia la kufanya kwa mtoto wa namna hii, kwa sababu hukuwahi kumtengeneza.

Mbalamwezi imeingia wiki hii. Juzi, Ijumaa, ilikuwa zamu ya Esta kutunga ishara. Tunakwenda kwa orodha ya mahudhurio, sikumchagua mimi. Alikuja mbele, na wenzake wakaanza kumpa mawazo, apige mluzi, aimbe, aruke kichura. Akatikisa kichwa. Halafu akasema, “Mwalimu akitaka tunyamaze, akae chini.”

Nikauliza, kwenye kiti? Hapana, chini, sakafuni. Darasa likaangua kicheko, na mimi nikacheka, maana nilikuwa na suruali yangu ya Ijumaa. Nikamuuliza kwa nini ametunga hiyo. Akanijibu kwa sauti ile ile anayosomea hesabu, bila kinyongo kabisa.

“Akiwa chini, mkono haufiki.”

Nilikaa. Sakafu ya darasa lako ina vumbi kuliko nilivyojua, na ukiwa chini watoto wa benchi la mbele wanakuwa wakubwa. Wakanyamaza wote. Esta alinitazama kwa muda, akarudi mahali pake, akafungua daftari lake. Nikafundisha kipindi chote kutoka pale, na yaliyotakiwa kuandikwa ubaoni aliyaandika kiranja.

Basi Mwalimu, nakuaga. Mungu akupe mahali pa kupumzika pasipo kengele. Nilipoanza barua hii nilikusudia kukuahidi upya kwamba sitampiga mtoto, lakini ahadi hiyo ulishaipokea kwangu mara moja na umeona ilivyokwenda. Nakuahidi iliyo ndogo, ambayo watoto tisini na wanne wataisimamia. Mbalamwezi ijayo mwenzake akitunga ishara mpya, ya Esta haitastaafu. Itastaafu siku atakayosema yeye mwenyewe kwamba niinuke. Kama hatasema mpaka Darasa la Saba, nitakaa chini mpaka Darasa la Saba.

Mdogo wako wa kazi,
Yoeli